Msitu wa Karura ni wa Nani?

(Hapa chini tumechapisha maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wazee, akina mama na vijana wa mtaa mmoja wa Nairobi, waliotaka kujua kama yafaa kuwapeleka watoto wao katika Msitu wa Karura siku za mapumziko.)



Nilipokuwa nikiingia hapa mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Bwana, msitu huo si wa wenye magari?" Nilimwomba avute subira kidogo, maana swali lake ndilo hasa lililonileta, na siwezi kulijibu kwa neno moja.

Kwanza nitawaeleza mahali penyewe. Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, na ukubwa wake wapita hektari 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha zamani za Hali ya Hatari. Miti yake ni ya namna mbili. Iko ya asili, kama muhugu, ambao wachonga vinyago waujua sana kwa ugumu wake. Na iko ya kigeni, hasa mikaratusi iliyotoka Australia, ambayo ilipandwa kwa wingi ili ipatikane kuni ya garimoshi. Siku hizi mikaratusi hukatwa kidogo kidogo, na miti ya asili hupandwa mahali pake.

Lakini ninyi nyote mwajua kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na mtu mwenye akili aliyeingia humo kutembea. Nilipokuwa mtoto, msitu huo ulitajwa nyumbani kwetu kwa kututisha tu. Mama yangu alikuwa akiuza mboga, na njia yake fupi ya kurudi ilipita kando ya miti ile. Jua likianza kushuka aliizunguka kwa mbali, hata mzigo ukiwa mzito namna gani, kwa sababu wezi walijificha humo, na mara kwa mara maiti ziliokotwa. Basi nikakua nikidhani ya kuwa msitu ni kitu kibaya, na kwamba ungekatwa wote tungelala usingizi mzuri zaidi.

Na kweli ulikuwa karibu kukatwa. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Hapo ndipo Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipoanza kwenda huko na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni wakitaka kupanda mti mmoja tu. Watu waliokodiwa kulinda mahali hapo wakawashambulia kwa rungu na mijeledi, na Profesa mwenyewe akapigwa kichwani hata damu ikamtoka. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha mashtaka yake, na alipotakiwa kutia sahihi, aliitia kwa damu yake mwenyewe. Katika mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule, Rais Moi alitangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma usimamishwe. Majumba hayakujengwa. Mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki mwaka 2011.

Nawaomba mfikiri kidogo juu ya jambo hilo. Hawakupigwa kwa ajili ya shamba lao wala kiwanja chao. Walipigwa kwa ajili ya mahali ambapo mtu yeyote, hata asiye na kiwanja, aweza kukaa chini ya mti. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na nakiri ya kuwa nilizisikia habari hizo kama habari za watu wa mbali.

Kuokoa miti ni jambo moja, na kuondoa hofu ni jambo jingine. Msitu uliookolewa ulibaki kuwa wa kuogopwa miaka mingine kumi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua njia, kwa kuwa iliwaruhusu wananchi wakaao karibu na msitu kuunda chama na kushirikiana na Serikali katika kuutunza. Kwa njia hiyo kikapatikana chama kiitwacho Friends of Karura, kikifanya kazi bega kwa bega na Shirika la Misitu. Ua wa waya wa umeme ukajengwa, njia zikasafishwa, na vijana wa kijiji cha jirani, ambao baadhi ya watu waliwadhania kuwa ndio wezi wenyewe, wakaajiriwa kuwa walinzi. Mimi naona hilo ndilo jambo la busara kupita yote, kuliko hata ule ua. Kijana apewaye mshahara wa kulinda njia hana haja ya kujificha kando yake.

Sasa, mtu akienda huko afanye nini? Wengi hutembea tu, na kutembea kwatosha. Njia ni ndefu, nazo zina kivuli, na kwenye njia panda pana vibao. Wengine hukimbia, hasa asubuhi na mapema. Mwenye baiskeli aweza kuipanda katika njia zilizoruhusiwa, na asiye nayo aweza kukodi moja huko huko. Watoto hupenda kwenda kwenye maporomoko ya maji, na wakishaona maji hutaka kuona mapango. Wapenda ndege huenda kimya kimya na darubini zao. Pia wako mbega, wale nyani weusi wenye manyoya meupe mabegani. Zaidi ya 100 walihamishwa kutoka Kipipiri kati ya mwaka 2014 na 2016, kwa kuwa kule walikuwa wakigombana na wakulima. Ukiwaona usiwape chakula, hata wakikutazama kwa huruma, kwa sababu nyani azoeaye mkate wa mtu hugeuka kuwa mnyang'anyi.

Tena iko kazi ya kupanda miti wakati wa mvua, ambapo shule, makanisa, misikiti na vyama huja kwa makundi. Mtakumbuka kwamba tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitangaza sikukuu nchi nzima ili watu wapande miti. Ni jambo jema, lakini naomba niseme wazi: kupanda kwapendwa kupita kumwagilia. Nimewahi kuona miche iliyopandwa kwa nyimbo na picha nyingi, na katika kiangazi hapakutokea mtu hata mmoja wa kuitazama. Kikundi chenu kikipanda miche kumi na kuirudia mara tatu, kimefanya kazi kubwa kuliko kilichopanda mia na kuisahau.

Jamaa wengi hupenda kwenda na chakula na kukila pamoja nyasini. Sisi wafasiri tulihangaika kutafuta neno la jambo hilo, kumbe watu wa pwani wanalo tangu zamani, nalo ni mandari. Nendeni mandari, basi, lakini chukueni maji katika chupa ya kutumiwa tena, si ya plastiki ya kutupwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja vimekatazwa katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa, na walinzi hukagua mizigo langoni. Moto usiwashwe ovyo. Mbwa afungwe kamba.

Sasa namrudia mzee wangu wa mlangoni. Ni kweli kwamba magari mengi huegeshwa pale siku ya Jumapili, na wenye magari wamelizoea lango lile kutuzidi. Ni kweli pia kwamba kuna kiingilio, nacho hulipwa kwa simu. Kwa mwananchi ni kidogo kuliko kwa mgeni, lakini baba mwenye watoto watano hawezi kukiita kidogo, na mtu akimwambia kwamba ni bei ya soda tu, huyo hajawahi kununua soda saba kwa mpigo. Mimi sitawadanganya. Fedha hizo hulipa walinzi na kutengeneza njia, na bila walinzi tutarudia siku za mama yangu. Hata hivyo yafaa tuulize, kwa adabu na kwa maandishi, kama shule za mitaa kama huu wetu zaweza kupunguziwa siku fulani. Barua nitaiandika mimi, ikiwa wazee watakubali kuitia sahihi.

Jambo ambalo siwezi kulikubali ni kukaa nyumbani tukisema ni pa wengine. Wale waliokitaka kiwanja kile mwaka 1998 walitegemea jambo hilo hasa, kwamba watu wa kawaida hawataona walichopoteza, kwa kuwa hawakuwahi kukiingia.

Kwa hiyo, Jumamosi ijayo, mvua isipozidi, nitakuwa kwenye lango la Barabara ya Limuru saa mbili asubuhi pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Matatu zapita karibu na hapo, na kutoka kituoni si mbali kwa miguu. Vaeni viatu vya kutembelea, si vile vya kanisani. Anayetaka kuja amwachie katibu jina lake usiku huu, ili tujue idadi. Mama yangu naye amekubali kuja, ila amesema pangoni hataingia.