Nyumba za Nairobi na Mito ya Makueni

Mwezi Mei 2025, nchini Kenya, familia za kwanza zilikabidhiwa nyumba 1,080 katika mtaa mpya wa Mukuru, jijini Nairobi. Nyumba hizo ni sehemu ya mpango wa taifa uliokusudia kujenga nyumba 200,000 kila mwaka kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Fedha zake hutokana na tozo iliyowekwa na Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024: mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Askari polisi wa Kenya hukatwa kama akatwavyo mwalimu na karani.

Juhudi hiyo si ya kubezwa. Mtu aliyelala miaka mingi katika chumba cha mabati, akishiriki choo kimoja na majirani kumi, hahitaji kuhubiriwa thamani ya ukuta wa zege. Lakini hakuna zege bila mchanga, na mchanga huo hautoki Nairobi. Kwa miaka mingi jiji hilo limejengwa kwa mchanga wa mito ya msimu ya Machakos, Kajiado na Makueni.

Mgeni aionapo mito hiyo wakati wa kiangazi huidhania imekufa. Sivyo. Mvua inyeshapo, maji huzama mchangani na kubaki humo, yakiwa yamekingwa na jua. Miezi ya ukame akina mama hufukua mashimo, wakachota maji kwa kata na kunywesha mifugo. Ndiyo maana wanavijiji wa Ukambani hujenga kuta za mawe na saruji katikati ya mito hiyo, nia yao kubwa ikiwa ni kuukamata mchanga, kwa kuwa mchanga ndio ghala la maji. Malori yakiuchota hadi kwenye mwamba, mvua inayofuata hupita mbio kuelekea mto Athi, na kutoka huko hadi baharini karibu na Malindi. Kingo hubomoka, na safari ya kuteka maji hurefuka.

Mkandarasi apangapo bei ya nyumba huhesabu saruji, nondo na ujira wa mafundi. Kwa upande wa mchanga huhesabu vibarua wa kupakia, mafuta ya lori na ushuru. Kisima kilichokauka hakimo katika hesabu. Hivyo sehemu ya unafuu aupatao mpangaji wa Nairobi hulipwa na mkulima wa Makueni, ambaye hatapata hata chumba kimoja katika nyumba hizo.

Mzozo huo umekwisha kumwaga damu. Mwaka 2011 askari polisi mmoja aliyepinga uchotaji wa mchanga huko Makueni aliuawa. Baadaye wananchi wenye hasira walichoma malori. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuzuia usiuzwe nje ya kaunti. Ugumu wa sheria hiyo askari wa kizuizini barabarani anaujua vyema: mchanga hauozi, haunuki, wala hauna alama ya mto ulikotoka.

Mjini nako maji yamedai nafasi yake. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru chini ya ulinzi wa polisi. Amri ilikuwa na sababu. Ukingo wa mto si mahali pa kulaza watoto. Ila nyumba mbadala hazikuwa tayari, na kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 ikatafute pa kujihifadhi.

Njia nyingine za kujenga zipo. Mawe yaliyosagwa huweza kushika nafasi ya mchanga wa mtoni, na matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine hayahitaji kuchomwa kwa kuni. Mto nao huurejesha mchanga wake, lakini kwa mwendo wa mvua, ambao haufuati tarehe za mkandarasi. Nyumba 200,000 kwa mwaka zikitegemea mchanga wa mtoni peke yake, malori yatakayopita barabara ya Mombasa yatawashinda walinzi wa Makueni hata kuyahesabu.