Haki ya Mwenda kwa Miguu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Shinyanga)



Sikuja kulaumu mtu, nimekuja kuungama. Asubuhi moja nilikuwa ndani ya motokaa ya kazi, nikielekea Geita. Tulipofika penye kivuko karibu na shule, watoto walikuwa wamekwisha kuingia barabarani. Dereva akapiga honi, nao wakarudi mbio mpaka mtaroni. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. Hakuumia mtu, lakini tangu siku ile sina raha.

Mabwana, miji yetu imekua kando ya barabara kuu. Geita, tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na mji kuwa makao ya mkoa mwaka 2012, umejaa malori na pikipiki. Tena Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na magari hayangoji tena pantoni. Hiyo ni baraka kwa biashara. Lakini dereva asiyengoja majini asikatae kumngoja mtoto barabarani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaamuru mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa mjini, na mwenda kwa miguu apishwe kivukoni. Wala si amri tupu: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Kwa hiyo mkutano wa mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulishauri kilometa 30 mahali watu na magari wanapochangamana. Huko Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, na kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Ni vitu vidogo, navyo huokoa maisha.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, aliye ndani ya gari la serikali amwambie dereva asimame kivukoni. Pili, karani wa vibali asiruhusu bidhaa kuziba njia ya miguu, bali mwuzaji atafutiwe mahali pengine. Tatu, aandikaye makisio ya barabara aulize kwanza: mwenda kwa miguu atapita wapi?

Tukifunga ofisi, wengi wetu twarudi nyumbani kwa miguu, na watoto wetu hali kadhalika. Safari ijayo sitanyamaza, nanyi msinyamaze.