Asiyesikia Si Mkaidi



Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimlenga mkaidi. Lakini wengi wetu tunamchapa kwa methali hiyo hata yule ambaye masikio yake yamechoka.

Tuchukue mfano wa bibi mmoja sokoni Tukuyu. Mwenzake wa rika moja anamsalimu, "Ugonile," naye anapita kimya. Kwa Wanyakyusa, kutoitikia salamu si jambo dogo. Ataambiwa ana majivuno, kumbe hakusikia.

Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, kama zile za s, f na t. Mzee anajua anasemeshwa, ila hajui anaambiwa nini. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Msogelee, mwonyeshe uso wako, kisha sema polepole.

Wala si uzee peke yake. Usaha wa sikioni usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, surua, kelele za mashine ya kusaga, hata dawa kama kwinini na sindano za jentamaisini, zaweza kudhuru usikivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Mtoto anayetoka usaha apelekwe hospitali. Asitiwe mafuta wala maji ya majani.

Sasa nageukia kwako wewe uliyeko mjini, uliyemtafutia mzazi kifaa cha kusaidia kusikia, kile wataalamu wanachokiita shimesikio. Umefanya jambo jema, mradi alipimwa kwanza. Lakini baada ya miezi michache unapata habari kwamba kifaa kimekufa na kimewekwa kabatini. Unamlaumu muuzaji. Je, umefikiria unyevu?

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huko hata shuka hukauka kwa taabu, sembuse kifaa cha umeme kinachoshinda nyuma ya sikio penye jasho! Basi kila jioni kipanguswe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi, kisha kilale ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Kisianikwe juu ya jiko, maana joto litakiua upesi kuliko mvua. Kivuliwe kabla ya kuoga.

Kile kipande kinachoingia sikioni kichomolewe, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kikauke kabisa ndipo kirudishwe. Mara nyingi kifaa kilichonyamaza kimezibwa tu na nta ya sikio. Kikipiga mluzi, huenda hakikukaa sawasawa. Kwa mtoto, huenda sikio limekua na kipande kinahitaji kubadilishwa.

Halafu kuna betri. Nyingi za vile vidogo hudumu wiki moja au mbili hivi. Aliyenunua kifaa bila kutenga fedha za betri amenunua taa bila mafuta.

Kwa hiyo, safari yako ijayo ya nyumbani, pamoja na sukari na khanga, chukua na betri. Mwombe mama afungue kabati. Pengine bado ana mengi ya kukuuliza, na anangoja tu kuyasikia majibu yako.