Daktari Mmoja Hatoshi
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kila mmoja wetu amjua mzee aongozwaye njiani na mjukuu wake. Mzee hana nuru, na mtoto hana shule. Basi ugonjwa mmoja umewafunga watu wawili. Mara nyingi ugonjwa huo ni mtoto wa jicho, ulio sababu ya kwanza ya upofu ulimwenguni, nao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kinachokosekana ni mikono iliyofundishwa.

Juu ya jambo hilo nitawasimulia habari za Bara Hindi. Mwaka 1976, katika mji wa Madurai, Daktari Govindappa Venkataswamy, aliyekuwa amekwisha kustaafu kazi ya serikali, alifungua hospitali ya macho yenye vitanda 11. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na ugonjwa wa viungo tangu ujana wake, lakini alijizoeza hata akaweza kushika kisu.

Aliona ya kwamba daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuumaliza upofu. Kwa hiyo wasichana wa vijijini walifundishwa kupima macho, kuwatayarisha wagonjwa na kuwatunza baada ya kupasuliwa. Daktari akabakiwa na kazi ya kisu: amalizapo mgonjwa mmoja, wa pili yu tayari kwenye meza ya kando. Wenye uwezo hulipa, na malipo yao husaidia kuwatibu maskini bure. Mwaka 1992 walianza kiwanda chao cha lenzi za kutiwa ndani ya jicho, na bei yake ikashuka sana. Daktari alifariki mwaka 2006, wala kazi haikufa pamoja naye, kwa kuwa alikuwa amefundisha watu. Hata leo madaktari wa nchi nyingi huenda Madurai kujifunza.

Ndugu zangu, shauri letu la kumlipia karo kijana mmoja asomee udaktari wa macho ni jema. Lakini tukimrudisha hapa peke yake, bila msaidizi wala vyombo, atachoka na kwenda zake mjini, nasi tutamlaumu bure. Naomba fungu la karo liwasomeshe pia mabinti zetu wawili wawe wauguzi wa macho. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku mzee atakapomtazama mjukuu wake akienda shule, tutajua kwamba fedha zetu hazikupotea.