Kuondoa Taka za Hedhi kwa Usafi na Staha





 Nimetakiwa na wazee niseme maneno machache juu ya usafi wa majumbani. Nami nimechagua mlango mmoja tu wa usafi, ambao kila msemaji huupita kimya: nao ni namna ya kuondoa vitambaa na pedi zilizokwisha tumika katika siku za hedhi. Nawasihi akina baba wasiinamishe vichwa wala wasitoke. Jambo hili lawahusu, kama mtakavyoona.

Niliwahi kupanga katika ua mmoja wenye nyumba tano na choo kimoja cha shimo. Choo kile kilijaa kabla ya wakati wake. Lilipoletwa gari la kunyonya, mpira wake ukaziba, na mfanyakazi akalazimika kuopoa kwa ndoana yale yaliyouziba, akayaweka uani, mbele ya wanaume na watoto. Sote wanawake tulijifungia ndani. Kisha ulimi wa mtu ukamtaja binti mmoja wa miaka kumi na minne, kana kwamba katika ua ule yeye peke yake ndiye mwanamke. Siku nyingi hakutoka nje, wala hakuja chuoni. Nilipomwendea kumpa pole, alinijibu: “Mama, mlinipa cha kuvaa, lakini hamkunionyesha pa kutupa.”

Ndugu zangu, maneno yale sijaweza kuyajibu mpaka leo, na hotuba hii ndiyo jaribio langu la kuyajibu.

Kwanza, tuondoe dhana ya aibu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Baqara, imeitaja hedhi waziwazi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtaka Bibi Aisha ampe mkeka wa msikitini, naye akatoa udhuru kwamba yumo katika siku zake, alimjulisha kwamba hedhi yake haimo mkononi mwake. Na mwanamke mmoja alipomwuliza hukumu ya nguo iliyopatwa na damu ya hedhi, hakumkemea. Alimfundisha aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswali nayo. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi sisi ni nani hata tuwe na haya kuliko wao?

Pili, tufahamu kitu chenyewe. Mama zetu walitumia vitambaa vya pamba, na pamba ikizikwa huoza. Pedi ya dukani siyo hivyo. Chini yake pana utando wa plastiki usiopitisha maji, na ndani yake mara nyingi mna chembe zinazovimba zikinywa maji. Ndiyo maana ikitumbukizwa chooni hufura ikaziba, na ikikaa shimoni haiozi kwa miaka mingi sana. Serikali ya Burundi ilitoa amri mwaka 2018 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Walakini plastiki iliyo mgongoni mwa pedi ingali inaingia katika kila nyumba, na hatuna budi kujua twaipeleka wapi.

Wako wanaoipeleka mtoni usiku, ili wasionekane. Enyi mabinti, mto Muha hauna siri. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka na kila kilichotupwa kandoni mwake, yakamwaga katika Ziwa Tanganyika. Na maji ya bomba katika mji huu, kwa sehemu kubwa, huvutwa kutoka ziwa hilo hilo. Tunachokificha mtoni twakielekeza kwenye kikombe chetu wenyewe. Tena ziwa hilo si letu peke yetu. Twalishirikiana na Kongo, Tanzania na Zambia.

Wako pia wanaochoma uani pamoja na takataka nyingine. Pedi iliyolowa haiungui vizuri, na moshi wa plastiki una sumu. Wenye kuuvuta ni watoto wachezao karibu.

Basi tufanyeje? Nasema kwa ufupi.

Kila choo kiwe na ndoo yenye kifuniko, na kando yake karatasi kuukuu. Aliyemaliza aikunje pedi yake, aifunge katika karatasi, aitie ndoo ile, anawe mikono kwa sabuni. Ndoo imwagwe mara kwa mara katika gunia la taka lililofungwa vema, apewe mzoa taka. Tumkumbuke mtu huyo: naye ni mtoto wa watu, na mikono yake ndiyo inayogusa tulivyotupa ovyo.

Pasipofika mzoa taka, lichimbwe shimo kavu, mbali na kisima na ukingo wa mto, lenye kina kisichofukuliwa na mbwa, na kila mara kitiwe udongo. Wako wanavyuoni walioona ni vyema kuzika damu na vitokavyo mwilini, na wenye kuogopa damu yao isichezewe watapata utulivu hapo.

Na mwenye kutumia vitambaa vya kufua, ambavyo ndivyo vyenye taka chache kuliko vyote, avitie kwanza katika maji baridi, kwani maji ya moto huishikisha damu. Kisha avifue kwa sabuni, avianike juani. Asivifiche chini ya kitanda vikiwa vibichi. Jua halina haya, na ni dawa.

Sasa nawarudia akina baba. Nchini Kenya, sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 2017, iliamuru wasichana wa shule za serikali wapewe pedi bure, na ikaamuru pia pawepo njia salama ya kuziondoa. Waliotunga sheria ile walitambua kwamba kutoa bila kuonyesha pa kutupa ni nusu ya wema. Basi wewe uliyejenga nyumba ya kupangisha, ukaweka mlango na kufuli, ushindwe na ndoo yenye kifuniko? Nasi katika vyoo vya akina mama, misikitini na vyuoni mwetu, tumeiweka?

Kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Hilo twalifundisha watoto wetu. Mto pia ni njia. Choo cha wapangaji watano nacho ni njia ya watu.

Binti yule sasa ni mama wa watu. Namwomba Mwenyezi Mungu asimkutanishe binti yake na siku kama ile. Na sisi tuliosikia leo, atujaalie tuwe sababu.