Jueni Miche Yenu Kabla ya Kushika Jembe



Leo hatukuja kusema habari za kura. Twataka kusema habari za bustani, maana lipo jambo linalotutia uchungu: mtu ananunua mbegu za karoti kwa fedha yake, anamwagilia majuma mawili, kisha siku ya palizi anang'oa karoti na kuyaacha magugu.

Karoti huchelewa kuota. Ikitoka, majani yake mawili ya kwanza ni marefu na membamba kama nyasi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Jani linalofuata ndilo lililochanika kama unyoya. Lisugueni kidoleni, litanuka karoti.

Lakini yuko mgeni mwenye jani kama hilo, nasi twamwita gugu karoti. Asili yake ni Amerika. Mkoani Arusha lilitambuliwa mwaka 2010. Majani yake mawili ya kwanza ni mafupi, ya mviringo, na yanayofuata hulala chini kama sahani. Mmea mmoja ukikomaa hutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri na matope ya magurudumu. Barabara yetu ya Ngorongoro haikosi magari! Likishika malisho, ndugu zetu Wamasai hupungukiwa na majani ya ng'ombe, na maziwa huwa machungu. Ling'oeni kabla ya maua yake meupe, na mfunike mikono, kwani huwasha.

Kitunguu je? Hutoka kimejikunja kama kitanzi cha uzi. Jani lake ni la duara, lina uwazi ndani. La nyasi ni bapa. Waulizeni wakulima wa Mang'ola.

Tena si kila kilichojiotea ni gugu. Mnavu ukijiotea, uacheni. Ukipikwa kwa maziwa, mtu husahau nyama. Ila msiuchanganye na mnanaha, ambao ni sumu: jani lake hunuka vibaya, na tunda lake lina miiba.

Mtasema, kwa nini maneno mengi juu ya mboga? Kwa sababu ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kulima kulikatazwa mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Jirani yetu wa huko hana tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Mboga yake yampasa kupanda mlima kutoka huku kwetu. Karoti iliyong'olewa kwa kutojua imetoka katika sufuria mbili.

Basi, nyosheni kamba, pandeni kwa mistari. Changanyeni mbegu chache za figili na za karoti: figili huota upesi na kuonyesha mstari ulipo, nayo huliwa mapema. Figili tuliyoing'oa wenyewe asubuhi, ikaoshwa, ikatiwa chumvi kidogo, ni tamu kuliko ya sokoni iliyoshinda juani.

Mbegu za figili tunazo kidogo. Anayetaka na aje na karatasi ya kufungia baada ya mkutano.