Wosia kwa Nchi Iliyotulea



Pale Ndolezi kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa tani 12 hadi 16. Wasomi wa nje walikiandika mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani, wakakiacha mahali pake. Huo ni urithi.

Chuma huvumilia uzembe. Chemchemi na msitu havivumilii. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Najua fungu la fedha linavyogawanywa, na miti mara nyingi husimama mwisho wa foleni.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu: tuandike wosia, tuitengee kazi hii sehemu ndogo. Mimi nimekwisha kuandika: nusu eka ya kahawa, baada ya mke na watoto kupata chao. Wosia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wasio warithi, na umtaje mpokeaji anayetambulika kisheria, kama bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, maana mali isiyo na mwenyewe huzaa kesi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huhifadhi wosia. Tena waambieni watoto mapema. Jambo la kushtukiza huleta ugomvi msibani.

Nanyi wanafunzi, mashamba hamna bado, lakini majembe mnayo. Mvua za Novemba zikianza, pandeni.